Gundi ya Kiangazi

"Umeniuzia maiti, Fundi! Maiti ya nyuzi sita!"

Nieves Almagro hata ndani hajaingia sawasawa. Kasimama kwenye kizingiti, kalikumbatia kasha la gitaa kama mtu anayemrudisha mgonjwa kwa daktari aliyemharibu, na paka watatu wa mtaa wanajipitisha miguuni pake.

"Habari za asubuhi na wewe pia, binti," akasema Fundi Baldomero, bila kuinua kichwa. Alikuwa anapitisha randa kwenye ubao wa mberoshi, na maranda yanamwangukia viatuni.

"Usinipe habari za asubuhi! Maiti si inanuka? Hili linanuka. Maiti inasema? Hili halisemi. Nikigusa uzi wa tano linanikoholea kama babu aliyevuta sigara miaka themanini. Miaka mitatu nimekaa kwenye orodha yako, Fundi. Mitatu! Rafiki yangu katika muda huohuo kachumbiwa, kaolewa, kazaa mapacha na kaachika. Mimi nangoja gitaa. Na kwa pesa uliyonitoza ningenunua gari."

"Gari gani?"

"La mtumba! Lakini lingewaka!"

Randa ikasimama. Fundi akacheka kwa kifua, maana alikuwa anampenda Nieves tangu binti huyo akiwa msichana wa kuja kushangaa dirishani. Hapa Granada wapo watu wenye mdomo na wapo watu wenye kidole gumba cha kupigia gitaa, ila waliojaliwa vyote viwili ni wachache, na Nieves ni mmoja wao.

"Mlaze mgonjwa hapa tumwone," akasema, akipangusa meza kwa mkono. "Wewe na kaka yako mtanimaliza. Jacinto ananisifu mpaka naona haya, wewe unanitukana mpaka paka wanasikia."

"Jacinto ndiye aliyeniponza. 'Nenda kwa Baldomero, dada, wengine wote maseremala wa vitanda.' Na sasa anatembea na lake kama kabebeshwa sanamu ya Mama Bikira siku ya maandamano, hataki hata tulisogelee. Kesho anapanda nalo jukwaani Córdoba. Mashindano yenyewe mpaka miaka mitatu ipite tena, na safari ijayo atakuwa kashapita umri." Akafungua vibanio vya kasha, akainua kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili na kujiziba pua kwa skafu. "Haya. Umeisikia hiyo harufu?"

Fundi Baldomero akainama. Akaisogeza pua yake mpaka karibu izame kwenye tundu la gitaa, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho kama mtu anayeonja mvinyo.

"Mberoshi," akasema. "Mberoshi mzuri, na rangi ya kung'arishia kwa mbali."

Nieves akamtazama.

"Fundi, unanichezea?"

"Kasha lako ndilo linanuka. Umeweka soksi humo?"

Jibu lilitoka haraka, tena kwa sauti ya utani. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na vidole vimekuwa vyeupe.

Hapa inabidi tuizungumzie pua yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuzungumza habari za Baldomero Quirantes akairuka pua. Ukoo wote wanayo. Pua ya akina Quirantes inatangulia kuingia baa, mwenyewe anafuata baadaye akiwa na kiu. Babu yake alikuwa nayo, baba yake mzee Casimiro alikuwa nayo, na wote watatu wametengeneza magitaa katika karakana ileile, kwenye mteremko wa Gomérez, ule unaopandisha kwenda kwenye ngome ya Alhambra. Watalii wanaupanda wakihema, wanasimama dirishani kwake kujifanya wanatazama gitaa, kumbe wanapumzika.

Pua ile haikuwa pambo. Mzee Casimiro alikuwa akimpa mwanawe kipande cha ubao huku kamfunga macho, na kijana anasema, huu umekatwa majira ya baridi, huu umekaa karibu na mbuzi. Mambo ya namna hiyo watu walisimuliana baa na kuongeza chumvi. Lakini jambo moja halikuwa la kuongezwa chumvi, nalo ni gundi.

Wengine siku hizi wanatumia gundi nyeupe ya chupa. Akina Quirantes wanachemsha ya ngozi, katika kichungu cha shaba kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kama walivyofanya kina babu. Gundi hiyo ikiwa nzima inashika kuliko mti wenyewe. Ila ni ngozi ya mnyama, bwana, ni nyama tu kwa jina lingine. Joto likizidi na siku zikizidi, inaoza. Na ubaya wake ni kwamba ikioza haibadiliki sura. Inang'aa vilevile, inavutika kati ya vidole vilevile, inapakwa, inakauka, unasema tayari. Mpaka siku itakapoachia.

"Macho yako yatakuongopea, vidole vyako vitakuongopea," mzee Casimiro alikuwa akimwambia. "Inuse. Ikinuka supu, fanya kazi. Ikinuka kiatu kilicholowa, mwaga, na kichungu usugue kwa mchanga."

Basi kila asubuhi saa mbili, kwa miaka arobaini na minne, Baldomero aliinamia kichungu, akavuta hewa mara tatu, akaitikia kwa kichwa. Watalii walimpiga picha. Mjapani mmoja aliweka oda ya gitaa kwa sababu ya kuona jambo lile tu, akasema hajawahi kuona mtu akiiheshimu gundi.

Ikaja Ijumaa Kuu ya mwaka huu. Maandamano yakapita na mishumaa yake maelfu, na kama kawaida ya mji huu, kesho yake barabara nzima ni nta. Magari yanalia kwenye kona, na viatu vinalia. Sisi wa hapa tunatembea wiki nzima kama mabata, na tunawacheka wageni wanaoanguka. Safari hii aliyeanguka ni Baldomero, mzaliwa wa hapahapa, saa nne asubuhi, mkononi ana mkate. Kisogo kikapiga jiwe la ukingo wa barabara. Akashonwa nyuzi tatu hospitali. Wakamuuliza kama anaona vizuri, kama anatapika, leo siku gani. Hakuna aliyemuuliza habari ya pua, na yeye mwenyewe hakujua.

Alijua siku ya nne, nyumbani, mkewe Angustias alipokuwa anakaanga vitunguu saumu. Aliona mvuke na kusikia mafuta yakipiga kelele. Harufu hakuna. Ilikuwa kama kutazama televisheni iliyokatwa sauti.

Mafua, akajisemea. Yataisha.

Mwezi wa tano akajisemea hivyohivyo, na wa sita pia. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu? Quirantes asiye na pua ni nani? Ni mzee tu mwenye randa. Halafu kila jioni alilala akiamini kesho ataamka na harufu ya kahawa itamgonga, na mambo yatakwisha bila yeyote kujua. Kwa hiyo aliendelea. Kila asubuhi saa mbili aliinamia kichungu, akavuta hewa mara tatu, hewa tupu, akaitikia kwa kichwa. Akaongeza gundi mpya juu ya ile ya jana. Watalii wakapiga picha.

Na tangu kiangazi kile ndipo paka walianza kukaa mlangoni. Kwanza mmoja, wa baa ya jirani. Baadaye watatu, halafu watano. Baldomero alisema paka wa Gomérez wameanza kupenda muziki, na watu wakacheka, maana alisema vizuri.

Sasa turudi mezani.

"Soksi?" Nieves akasema. "Soksi zangu zinanukia waridi kuliko hili dude lako. Acha harufu basi. Tazama daraja."

Baldomero akachukua karatasi ya kusokotea sigara, ile nyembamba, akaijaribu nyuma ya daraja, kile kipande cha mti kilichogandishwa usoni mwa gitaa kushikilia nyuzi zote sita. Karatasi haikutakiwa kupita. Ilipita. Ilizama mpaka nusu, taratibu, kama barua inayoingia chini ya mlango.

"Mm," akasema Fundi.

"Mm nini?"

"Mm tu. Baridi imeanza. Mti unajikunja."

"Mti unajikunja! Gitaa la mjomba wangu lina miaka hamsini, limelala kwenye zizi la nyumbu, halijajikunja. Hili la mwezi wa tisa!"

Fundi akaweka rula usoni mwa gitaa, akaona mwanga ukipita chini yake mbele ya daraja, mahali ambapo uso ulikuwa umeanza kubonyea. Akalegeza nyuzi moja moja, na kila uzi ulipolegea gitaa lilitoa sauti ndogo ndani, kama mtu anayenyoosha mgongo. Akaingiza taa ndogo na kioo cha daktari wa meno kwenye tundu.

Ndani ya uso wa gitaa kuna vijiti saba vyembamba, vimetawanyika kama mbavu za feni ya mkono. Ndivyo vinavyoubeba uso usivutwe na nyuzi ukapasuka. Kwenye kioo, kijiti cha tatu kilikuwa kimeachia upande mmoja. Kinaning'inia kama mkia wa mjusi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkoholea Nieves.

Kimoja si kitu. Kijiti kimoja kinaweza kuachia kwa bahati mbaya, kwa kugongwa, kwa mtu kulisahau gitaa ndani ya gari juani. Fundi akajishika na hilo. Akachukua kisu chembamba, kile cha baba yake, akakiingiza kwenye kijiti cha nne, ambacho kilionekana kizima. Hakukisukuma. Alikigusisha tu.

Kijiti kikajiachia chenyewe.

Akakitoa kwa koleo, akakipeleka dirishani. Kiungo kizuri ukikivunja kinang'oka na nyama ya mti, unapata makovu pande zote mbili. Kijiti hiki kilikuwa safi kama siku kilipochongwa. Gundi ilikuwa imekauka juu yake kwa magamba, kama ya samaki, na alipoyapitishia ukucha yakapukutika.

Ukutani nyuma yake, kitu kikasema: tak.

Fundi akageuka. Ukutani lilining'inia gitaa moja tu, la Mholanzi, atakayekuja kulichukua Jumatatu. Jipya, linang'aa kama asali. Sauti ile alikuwa kaisikia tangu juzi, mara mbili au tatu kwa siku, na kila mara alijisemea ni jiko la gesi la kupasha joto chumba, bati lake linatanuka.

Akaenda pembeni akalizima jiko.

"Unazima?" Nieves akasema. "Theluji imeshakaa milimani, mimi vidole sivisikii, wewe unazima jiko?"

"Hewa inakuwa kavu."

"Kavu inafanya nini?"

Fundi alijua vizuri mno. Gundi mbovu, kukiwa na unyevunyevu, inajishikilia kwa uvivu. Hewa ikikauka, mti unavuta huku, gundi inabaki pale, na ndiyo kuagana. Na wiki hii, kutoka hapa mpaka Hamburg, watu wote walikuwa wanafanya jambo moja. Walikuwa wanawasha majiko. Tangu Pasaka alikuwa kamaliza magitaa saba, na moja liko ukutani na moja liko mezani. Matano yalikuwa kwenye vyumba vya watu, yamening'inizwa karibu na moto kwa mapenzi, yasipigwe na baridi.

Tena kuachia kwa kijiti ni afadhali, kunakuja na kikohozi, mtu anasikia. Daraja haliji na kikohozi. Nyuzi sita zinalivuta kwa uzito wa mtu mzima, na likiamua, linang'oka mara moja, linaruka kama kizibo, pamoja na ngozi ya uso wa gitaa. Aliwahi kuliona likimtokea mtu. Yule mtu alitoka na mshono kwenye kope.

"Fundi, umenyamaza. Ukinyamaza mimi naogopa. Nitukane basi."

"Subiri, binti."

"Miaka mitatu nimesubiri!"

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akaingia Angustias, mkewe, mkono mmoja kahawa mbili kwenye sinia, mkono wa pili chetezo cha ubani kinafuka moshi, kwa sababu tangu mwezi wa sita hakuwa anaingia karakana bila ubani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Nimesikia Nieves anapiga kelele nikajua ni Nieves," akasema. "Kunywa, mwanangu. Usijali harufu, ni mtaro. Nimeshawaita watu wa mabomba mara mbili, mara zote wanasema mtaro mzima. Wezi tu wale."

"Mtaro?" Nieves akasema polepole. "Nani kasema mtaro?"

"Baldo."

Na ni kweli, Baldo ndiye aliyesema. Siku ya kwanza Angustias alipoingia mwezi wa sita na kuuliza, mume wangu, na wewe unaisikia?, alitakiwa ajibu kitu. Akasema ndiyo, kali kweli, itakuwa mtaro. Uongo mdogo, wa kupita nao asubuhi moja. Ukakaa kiangazi kizima.

"Mama Angustias," Nieves akasema, "hebu sogea hapa. Nusa gitaa langu. Halafu uniambie mtaro umeingiaje humo."

"Angustias, waachie watu kazi yao," Fundi akasema.

Lakini Angustias alikuwa kashaweka sinia. Akainamia tundu la gitaa, akainuka. Akatazama huku na huku kwa uso wa mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta samani zimehamishwa. Akatembea mpaka kwenye kichungu cha shaba, akainua kifuniko, akakirudisha haraka, na ubani ukamtoka mkononi ukamwagika makaa sakafuni.

"Mama wa Mungu," akasema. "Baldo. Kuna mnyama kaoza humu."

"Ni gundi. Gundi ni ngozi, inanuka kidogo."

"Inanuka kidogo?" Macho yalikuwa yameanza kumtoka machozi, kwa harufu au kwa kitu kingine. "Nimeolewa kwenye karakana hii miaka thelathini na tisa. Naijua gundi yenu. Siku ya harusi ulininukia gundi. Hii siyo."

Nieves akayakanyaga makaa kwa kiatu, moja moja, bila kuondoa macho kwa Fundi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Angustias alikuwa anatazama rafu. Juu ya rafu kulikuwa na chupa mbili sawasawa, za kioo, zenye maji meupe ndani. Moja spiriti ya kung'arishia, moja maji ya kawaida. Zilikuwa pale tangu enzi za mzee Casimiro, na hakuna aliyewahi kuziandika, maana mwenye pua haandiki. Shingoni mwa moja kulikuwa kumefungwa uzi mwekundu.

"Huu uzi wa nini?"

"Alama tu."

"Alama ya nini? Umezifungua hizi umeme ukikatika, umezifungua umelewa, hujawahi kukosea. Tangu lini unafunga uzi?"

Fundi akachukua randa, akairudisha mahali palepale.

"Tangu ile nta," Angustias akasema. Hakuwa anauliza. "Ulipoanguka. Tangu pale." Kisha uso wake ukabadilika tena, na hii ndiyo iliyomchoma Baldomero kuliko maiti na kuliko mtaro. "Tangu pale hujalalamikia chakula changu hata siku moja. Nimeunguza dengu mpaka sufuria nimetupa, ukasema tamu. Niliwaambia dada zangu, jamani, Baldo uzeeni kaanza kunipenda."

"Nakupenda," akasema Fundi, akiongea na kijiti kilichokuwa mkononi mwake.

"Nyamaza."

Nje mtalii aliweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akawaona walivyosimama, akaondoka zake.

Tak, likasema gitaa la Mholanzi.

Nieves akaruka. "Nini hicho?"

Akalitazama gitaa la ukutani, akalitazama lake lililolala na nyuzi zake zimelegea kama nywele. Akainama, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu, ile yenye jina la ukoo na namba, akisogeza midomo.

"Hili ni mia tatu na moja," akasema. "La Jacinto mia tatu na tatu. Najua kwa sababu alinitambia, namba nzuri. Fundi. La Jacinto uliligandisha lini?"

Mwezi wa nane. Alikumbuka mpaka siku yenyewe, siku ya Kupalizwa Mama Maria, mji mzima umekimbilia pwani, joto linafanya mbwa walale kwenye mifereji. Alibaki peke yake kwa sababu Jacinto alikuwa kaomba gitaa liwahi mashindano. Alipanga vile vijiti saba kwa mkono mtulivu kabisa. Alipaka gundi, na ilivutika kati ya vidole kama hariri, akafurahi, akajisemea kwamba bado mkono upo, mtu anaweza kuishi bila pua. Paka walikuwa watano mlangoni siku ile, wamekaa kwa mstari, wanamtazama kama waamini kanisani.

"Fundi, nakuuliza. Ni gundi hiyohiyo?"

Alifungua mdomo. Kusema ndiyo ni neno moja, halichoshi. Lakini neno hilo haliwezi kutoka peke yake. Likitoka, litatoka pamoja na magitaa ya wengine, la Mjapani, la mwalimu wa Málaga, la yule wa Hamburg. Saa sita mchana Gomérez yote itakuwa inajua, na wenzake wenye karakana watakuja mmoja mmoja kumpa pole, wakinusanusa. Jina la babu lililoandikwa mara mia tatu na kitu ndani ya magitaa litageuka kichekesho cha baa. Na kusema hapana nako ni neno moja. Kijana atapanda jukwaani kesho, chini ya taa kubwa, zile za moto mkavu, akiinamia gitaa lake kama wanavyoinama wote wakinogewa, uso uko juu kabisa ya daraja.

"Yuko wapi sasa hivi?" Angustias akauliza, badala ya mumewe.

"Basi la saa saba," Nieves akasema. "Yuko nyumbani anajaribu suti. Fundi, nipe tu neno moja nimpigie simu. Nimwambie achukue la mjomba, lile la zizini. Atalia, atanichukia, basi. Lakini siwezi kumvunja moyo leo kwa kitu cha kudhani. Akiingia pale bila gitaa lake kashashindwa kabla hajakaa. Kwa hiyo niambie. Limeoza au halijaoza?"

Alikuwa kashika simu mkononi, kidole gumba kile cha dhahabu kiko juu ya jina la kaka yake.

Baldomero Quirantes akafungua aproni. Akaikunja mara mbili kama anavyoikunja kila Jumamosi, akaiweka juu ya randa. Akakiendea kichungu cha shaba, akakifunga kwa kitambaa maana kilikuwa bado cha moto, akakikumbatia kifuani. Alipopita karibu na Angustias akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau miwani, kisha akaendelea.

"Baldo, unakwenda wapi na hicho?"

Alipofungua mlango, baridi iliingia mara moja. Paka waliokuwa kizingitini wakasimama wote.

Alishuka mteremko badala ya kupanda, akapita maduka ya vinyago na feni za mkono, mzee mwenye pua kubwa bila koti, kakumbatia chombo. Watu aliokutana nao walianza kumsalimu, halafu wakageuza uso na kupisha njia, mkono mdomoni. Yeye aliitikia kwa kichwa, kila mmoja, kama anavyoitikia kila asubuhi.

"Fundi!" Nieves alikuwa katoka hadi katikati ya barabara, simu bado iko mkononi, sauti inagonga kuta za pande zote mbili. "La Jacinto! Ndiyo au hapana?"

Hakugeuka. Kwenye kona ya chini, pale nta ya Ijumaa Kuu ilipokuwa imemwangusha, alipunguza mwendo, akaweka mguu kwa uangalifu, halafu mwingine, ingawa nta ilishakwisha zamani. Kisha akapotea upande wa mto, uliko mchanga wa kusugulia, na nyuma yake, kwa mstari, mikia juu, paka saba.